Kukuza kiwanda cha mbao ngumu cha familia: dhana potofu kuhusu mashine, fedha na wafanyakazi wakongwe

Viwanda vingi vya mbao ngumu nchini Tanzania ni vya familia. Baba alianza na msumeno mmoja, watoto wakaingia, na pembeni yao wapo watu watatu au wanne wasio na undugu na mwenye mali ambao wamekaa hapo miaka 15 au 20: mwendesha mashine, mnoa misumeno, na yule anayepanga mbao yadini. Familia ikitaka kukua, hukosea zaidi sehemu mbili. Fedha inakwenda kwenye mashine kabla ya kwenda kwenye mbao zinazokauka. Na hao wakongwe wanahesabiwa ama kuwa mzigo, ama kuwa watu ambao hawawezi kuondoka.

Dhana: Tukinunua mashine kubwa, mauzo yataongezeka

Mashine inaongeza kasi ya kupasua, lakini mbao ngumu haiuzwi kwa kasi ya kupasua. Inauzwa kwa kasi ya kukauka.

Chukua kiwanda kinachopasua mita za ujazo 20 za magogo kwa mwezi. Kikipata mbao asilimia 45 ya gogo, ni mita za ujazo 9. Mbao hizo zikikaa yadini miezi 5 kabla ya kuuzwa, muda wote kuna mita za ujazo 45 zimelala kwenye marundo. Ongeza upasuaji mara mbili, na marundo yanapaswa kufika 90. Zile 45 za nyongeza zimeshalipiwa gogo, ushuru, lori, dizeli na mishahara kabla shilingi ya kwanza ya ubao wa ziada haijarudi. Familia iliyomaliza mkopo wote kwenye mashine inafika mwezi wa tatu haina fedha ya magogo, inaanza kuuza mbao mbichi kwa bei ya chini, na wateja wa samani wanazikimbia kwa sababu milango inapinda. Kabla ya kwenda benki, hesabu mashine na miezi ya kusubiri kwa pamoja.

Kukausha kwenyewe ndiko kunakoharibu mali nyingi kuliko msumeno. Rundo linalokauka vizuri linajengwa hivi: nguzo za chini ziinuliwe sentimita 40 kutoka ardhini, ziwe sawa kwa pimamaji. Vijiti vya kutenganisha mbao viwe vya mti mkavu, unene wa milimita 25, vyote unene mmoja. Kwa mbao za inchi 1, viachane sentimita 45 hadi 60, na kila kijiti kikae juu kabisa ya mwenzake kuanzia chini hadi juu. Kijiti kikihama hata kwa upana wa kiganja, uzito wa mbao za juu unaangukia sehemu isiyo na mhimili na ubao unakauka ukiwa na tumbo. Tumbo hilo halitoki tena. Vichwa vya mbao vipakwe rangi nzito au nta siku ileile ya kupasua, maana maji hutoka haraka zaidi kwenye vichwa kuliko katikati, na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Halafu paa. Jua kali la wiki za kwanza hukausha ngozi ya ubao huku ndani kukiwa bado kumelowa. Ngozi inataka kusinyaa, ndani kunaikatalia, juu kunapasuka.

Usikisie ukavu kwa kugonga na kusikiliza. Kata kipande cha milimita 25 ndani ya ubao, si chini ya sentimita 50 kutoka kichwani, ukipime uzito papo hapo, kisha ukikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 103 hadi uzito usipungue tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito mbichi, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande cha gramu 250 kikibaki na 200, unyevu ni asilimia 25, na huo bado si ubao wa samani. Kumbuka pia kwamba hewa ya pwani ina unyevu mwingi kuliko ya Dodoma: ubao uliokwisha kutulia Dar es Salaam utasinyaa tena ukifika huko.

Dhana: Msumeno mwembamba unajilipa wenyewe

Hesabu ya kwenye karatasi ni nzuri kweli. Gogo lililochongwa pande hadi kimo cha milimita 300, likipasuliwa mbao za milimita 28 (ili zikikauka na kurandwa zibaki na unene unaotakiwa), kwa msumeno wa duara unaokula milimita 6 kila unapopita, linatoa mbao 9 kamili. Msumeno wa bendi (utepe wa chuma wenye meno unaozunguka) unaokula milimita 2 unatoa 10. Ubao mmoja wa bure katika kila tisa, kwenye mninga au mkongo, ni fedha nyingi kwa mwaka.

Lakini ubao huo wa kumi unapatikana tu bendi ikinolewa na kuvutwa inavyotakiwa. Bendi butu haikati mstari ulionyooka, inaogelea. Ubao unatoka na milimita 28 mwanzoni, 31 katikati na 26 mwishoni, na wote unashushwa daraja. Mbao ngumu hubutua meno upesi. Mvule una balaa la peke yake: ndani yake hujijenga mawe madogo ya chokaa, hayaonekani kwa nje, na jino likigonga jiwe hilo bendi nzima inaweza kuharibika kwa sekunde moja. Mwendesha mashine mzoefu husikia mlio ukibadilika, hutazama vumbi (chenga zikigeuka unga laini na wenye joto, meno yamekwisha), husimamisha na kubadilisha bendi. Mgeni husukuma gogo kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo bajeti ya bendi ina mistari mitatu: mashine, bendi za akiba zisizopungua tatu kwa kila inayofanya kazi, na mtu wa kuzinoa. Anayesahau wa tatu amenunua hasara.

Dhana: Wakongwe wameshazoea ya zamani, tuajiri vijana

Kijana hujifunza kubonyeza vitufe ndani ya wiki. Kusoma gogo kunachukua miaka: kujua kwamba ufa wa kichwani unaingia ndani kwa mshazari gani, kwamba gogo hili ligeuzwe robo ili kasoro yote iangukie kwenye ubao mmoja badala ya kusambaa kwenye minne, kwamba moyo uliooza katikati unaachwa kama boriti ya kutupa. Maamuzi hayo hufanywa kabla msumeno haujagusa mti, na ndiyo yanayoamua kama gogo litatoa faida.

Kosa halisi ni kuacha ujuzi huo ukae kichwani mwa mtu mmoja. Unahamishwa kwa utaratibu, wala hauhitaji fedha nyingi. Kila nafasi nyeti iwe na watu wawili wanaoiweza. Mwanafunzi ndiye ageuze gogo na kusema atakavyolipasua, mkongwe asahihishe, kwa sababu kutazama tu hakumfundishi. Weka daftari mashineni lenye tarehe, aina ya mti, saa bendi ilipofungwa na ilipotolewa, na sababu ya kuitoa. Kila asubuhi wachukue mbao 10, wapime unene sehemu tatu kwa kila ubao. Tofauti ikianza kuzidi milimita 2, kuna jambo: bendi, magurudumu au reli. Baada ya miezi sita daftari hilo linamfundisha mgeni mambo ambayo mzee wa mashine hakuwahi kuyasema kwa mdomo, si kwa choyo, ila kwa kuwa kwake yalishakuwa kama kupumua.

Dhana: Aliyekaa miaka 20 ni wa nyumbani, haondoki

Anaondoka. Mshindani anamwita, afya inamshinda, au umri wa miaka 60 unafika. Kumwita "wa nyumbani" hakumlipii mchango.

Mchango wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi anahitaji miezi 180 ya michango, yaani miaka 15. Mtu aliyefanya kazi miaka 20 lakini akachangiwa 9 tu hafiki hapo, na hiyo 11 iliyopotea ni deni la kiwanda kwake. Kila mwaka mfanyakazi apewe taarifa yake ya michango aione mwenyewe.

Upande wa afya ndio unaosikitisha zaidi kwa jinsi unavyopuuzwa. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, na saratani ya pua ndiyo inayohusishwa zaidi na vumbi la mbao ngumu. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua. Kitambaa mdomoni hakizuii chembe laini. Inatakiwa barakoa ya kuzuia vumbi, kifyonza vumbi karibu na msumeno, na sakafu isafishwe kwa kufyonza au kwa maji kidogo, si kwa kupuliza upepo wa kompresa unaolirudisha vumbi hewani. Masikio nayo: kelele ya desibeli 85 kwa saa nane inatosha kuanza kuharibu usikivu, na mashine za mbao huvuka hapo kila siku. Mwendesha mashine aliyepoteza usikivu hausikii tena ule mlio wa jino lililogonga jiwe. Kumlinda yeye ni kuilinda na bendi.

Dhana: Kiinua mgongo cha wakongwe kitatufilisi

Piga hesabu kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kiinua mgongo cha angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa kikomo cha miaka 10. Anayelipwa 520,000 kwa mwezi na kufanya kazi siku sita kwa wiki, siku yake moja ni 520,000 gawa kwa 26, sawa na 20,000. Siku 7 mara miaka 10 ni siku 70: shilingi 1,400,000. Awe amekaa miaka 10 au 25, kima hicho cha chini hakibadiliki, ingawa familia yenye shukrani inaruhusiwa kuongeza. Weka akiba kidogo kila mwezi. Linganisha na hasara ya mwezi mmoja wa mbao zinazoogelea.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, zikihesabiwa na Jumapili zake. Mkongwe asiyekwenda likizo hasifiwi kwa hilo: siku zake 28 ndizo za kujua kama msaidizi wake anaweza.

Dhana: Kumlipa mtu kwa siku kunamfanya kuwa kibarua

Mtu anayekuja kila siku kwa miaka, chini ya maelekezo yako na kwa zana zako, ni mwajiriwa mbele ya sheria hata kama hajawahi kusaini karatasi. Andika mkataba.

Dhana: Lipa kwa idadi ya mbao, watafanya bidii

Watafanya haraka. Anayelipwa kwa idadi hupasua gogo zuri la futi 12 kwa vipande vingi vyembamba, hanoi kwa wakati, na mabaki yanaongezeka. Mshahara wa mwezi uwe ndio msingi, na bonasi itokane na ujazo wa mbao za daraja la kwanza uliopatikana kwa kila mita ya ujazo ya gogo. Mtu aone namba hizo ubaoni kila Jumamosi.

Dhana: Tunaaminiana, hatuhitaji hesabu

Daftari la mali linamlinda zaidi yule mwaminifu. Anayepima mbao asipokee fedha, anayepokea fedha asitoe mzigo getini, na rundo moja lihesabiwe upya kila wiki bila taarifa. Hii iwahusu na watoto wa mwenye mali: kijana akichukua mbao 20 za nyumba yake bila kuandika, siku ya kuhesabu anayetazamwa ni mlinzi. Hakuna kinachowafukuza wakongwe wazuri kama hicho.

Dhana: Mzee akifariki, watoto wanaendelea tu

Kama biashara imesajiliwa kwa jina la biashara tu, mali ni ya mzee binafsi. Akifariki inaingia kwenye mirathi, na akaunti inasimama hadi mahakama imteue msimamizi. Mishahara inasimama nayo, magogo yaliyolipiwa nusu yanabaki porini, na mnoa misumeno anatafuta kazi kwingine. Kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ina uhai wake wenyewe. Isajiliwe mzee akiwa hai, hisa zigawanywe kwa maandishi, benki iwe na watia saini wawili, na mikataba ya wafanyakazi ihamishiwe kwenye kampuni ikiwa na tarehe zao za kwanza za kuajiriwa, ili miaka yao isianze kuhesabiwa upya.