Eti kama intaneti ipo basi hamna anayekuzuia? Sio kweli

Jana jioni pale kijiweni Kilombero machalii walikua wanabishana, mmoja kashikilia kwamba serikali ikitaka kukunyamazisha lazima izime intaneti, kama bando linasoma basi uko huru. Hii dhana inaniuma kuliko zote.

Angalieni Desemba 2021. Twitter, hii tunayoita X leo, ilitangaza imefuta akaunti 268 upande wa Tanzania, ikaziweka kwenye ripoti yake ya kampeni zinazohusishwa na serikali mbalimbali. Kazi ya hizo akaunti ilikua kuripoti watu kwa uongo. Wanachukua twiti yako, wanaibandika kwenye blogu, wanairudisha tarehe nyuma ionekane ni ya zamani, afu wanakushtaki kwa Twitter kwamba umeiba kazi yao na akaunti inafungwa. Ukitaka kupinga unatakiwa utoe jina halisi na anwani, sasa kama ulikua unaandika kwa kujificha ndo umeshajianika mwenyewe!! Waliolengwa ni FichuaTanzania, kundi la wanaharakati wa haki za binadamu, na wanaoiunga mkono. Na intaneti ilikuwepo muda wote huo.

Kingine, "si kuna VPN", ile programu ya kukupitisha njia nyingine ukifungiwa. Inasaidia mtandao mmoja ukifungiwa, kama X ilivyofungiwa Mei 2025. Ila tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ilikatwa, nikamtumia mamdogo yuko Moshi meseji WhatsApp nijue kama wako salama, kale kasaa kadogo kakagoma kugeuka tiki, nawasha VPN inazunguka tu maana nayo inapita kwenye intaneti hiyohiyo. Na mtu akikuripoti kwa uongo VPN haikusaidii chochote. Tena tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilishataka wanaotumia VPN wazitolee taarifa.

Wanaosema haya ni ya China na Urusi tu, ripoti ileile ina akaunti 418 za Uganda zilizokua zinampigia debe Museveni, na Marekani ndo usiseme, Snowden, aliyekua akiwafanyia kazi NSA, shirika lao la ujasusi, alishatoa siri za jinsi linavyochungulia mawasiliano ya watu tangu 2013.

Kwahiyo ukiletewa taarifa ya kopiraiti usikimbilie kujaza jina. Fungua kwanza hiyo blogu inayodai umeiibia, hesabu ina posti ngapi, na piga skrinshoti kila kitu kabla hawajaifuta.