Shule jumuishi sio ya watoto wenye ulemavu peke yao

Watu wengi wakisikia shule jumuishi wanawaza tu njia ya kupitisha wilchea na choo kipana, basi. Hivyo vinatakiwa, tena sana, ila Tamko la Salamanca la 1994, makubaliano ya kimataifa kuhusu elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, lilishasema shule impokee kila mtoto: mwenye ulemavu, wa mtaani, anayefanya kazi, wa jamii yenye lugha yake, wa kijiji cha mbali.

Cheki Bangladesh, kule Chalan Beel, eneo la mabwawa na mito, mvua za monsuni zikichanganya, barabara zinapotea majini, sasa hata mtoto mwenye miguu mizima kabisa hafiki shule, ndo maana mwaka 2002 shirika la Shidhulai Swanirvar Sangstha, lake msanifu majengo Mohammed Rezwan, likaanza kufundishia kwenye boti, yaani boti inapita kando ya mto inaokota watoto kituo kwa kituo kama basi la shule, afu inaegeshwa na somo linaanza humohumo, umeme wa sola, wakimaliza inawarudisha kwao. Naipenda sana hii, maana shule ndo imemfuata mtoto.

Kwa hiyo ukikagua shule yoyote anza na nani hayumo darasani, na kinachomzuia ni nini: maji, lugha, ada, au choo cha wasichana kisicho na mlango.