Acheni Kuchokoa Kile Kitundu cha Ruta

Wiki hii imenifikia tena, safari hii kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp uliotoka kikundi kimoja cha wakazi hadi kingine: Wi-Fi ikisumbua, chukua pini, bonyeza kile kitundu cha nyuma ya ruta, hesabu hadi thelathini, itarudi kama mpya. Anayesema ana sauti ya upole, ya mtu anayewatakia wenzake mema. Niliusikiliza nikiwa Umoja, hapa Nairobi, njiani kwenda kumtengenezea mtu aliyekwisha kuufuata. Na ni kweli, ruta inarudi kama mpya. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Ruta mpya haijui lolote kuhusu nyumba yako.

Ukizima ruta ukutani na kuiwasha, inasahau tu yale iliyokuwa inafanya saa hiyo: vifaa vilivyounganishwa, mawasiliano yaliyokuwa yamefunguliwa, uchafu uliojikusanya kwenye kumbukumbu. Yale iliyoandikiwa hayaguswi. Ukibonyeza kitundu hadi taa zote zizime na kuwaka upya, yaani ukifanya riseti, unafuta yale iliyoandikiwa: jina la Wi-Fi, nenosiri lake na, kwa wengi wetu hapa Nairobi, jina na nenosiri la PPPoE (njia ya kuingia kwenye mtandao wa kampuni ya intaneti) ambavyo fundi wa siku ya kwanza aliviingiza na kuondoka bila kukuachia nakala. Hivyo viwili ndivyo ruta inavyojitambulisha kwa kampuni kila inapowaka. Bila hivyo taa ya Wi-Fi itawaka, simu itaunganika, na hakuna kitakachofunguka. Umefanya kazi ya mwenye duka aliyechoma daftari la madeni kwa sababu balbu ya duka imeungua.

Mtaniambia ya jirani ilirudi. Naam, zipo zinazorudi. Kampuni nyingine huzisimamia ruta zao kutoka mbali kwa utaratibu uitwao TR-069. Ruta iliyofutwa huitafuta seva ya kampuni na kurudishiwa mipangilio yake. Nyingine hazitumii PPPoE kabisa, hukitambua kifaa kwa namba yake ya usajili au anwani ya MAC (namba ya kifaa iliyowekwa kiwandani), na kwa hao riseti haipotezi sana zaidi ya jina la Wi-Fi. Jirani yako yumo katika kundi hilo. Wewe huenda humo. Na huwezi kujua kwa kuitazama ruta kwa nje, maana boksi ni lilelile jeupe.

Kuna balaa kubwa kuliko hilo, nalo ndilo linalonipandisha mori. Katika ploti nyingi, yaani majengo ya kupanga, za huku Pipeline na Zimmerman, intaneti hushuka kutoka paani kwa waya wa Ethernet hadi swichi (boksi la kugawa waya) ya kila ghorofa, kisha nyumba kwa nyumba. Chukua mpangaji wa ghorofa ya tatu mwenye ruta iliyowekwa isambaze Wi-Fi tu: DHCP, ile kazi ya kugawia vifaa anwani, imezimwa, na waya umechomekwa kwenye tundu la LAN, la mtandao wa ndani, si lile la WAN, la kupokea intaneti kutoka nje. Inafanya kazi vizuri. Siku moja kasi inapungua, anachokoa kitundu. Ruta inaamka na mipangilio ya kiwandani, na kiwandani DHCP huwa imewashwa. Waya bado uko LAN. Sasa ruta yake inaanza kugawia ploti nzima anwani. Simu ya mama wa ghorofa ya tano inaomba anwani, inajibiwa na ruta ya ghorofa ya tatu kwa kuwa ndiyo iliyowahi kujibu, na kuambiwa kwamba lango la kutokea ni 192.168.0.1, ambako hakuna pa kutokea. Baada ya muda msimamizi wa ploti anapigiwa simu na kila mtu isipokuwa aliyesababisha, ambaye yuko ndani bado anachokoa.

Si kila ploti huathirika hivyo. Kama kila nyumba inajiunga kwa PPPoE, majirani hawaguswi, kwa sababu PPPoE haisubiri DHCP ya mtu. Kama swichi ina kinga ya DHCP na mtu aliikumbuka kuiwasha, hawaguswi pia. Lakini swichi ninazozikuta kwenye ngazi ni zile za bei rahisi zisizo na mipangilio hata kidogo, na kumpata mkosaji ni kuchomoa waya mmoja mmoja huku watu wakiuliza nani amekutuma. Ndiyo maana nikisikia "haina madhara, ni riseti tu," nanyamaza kwanza kabla ya kujibu.

Basi kabla ya pini, ingia ndani ya ruta uitazame. Hapa kuna imani nyingine, kwamba intaneti ikikatika huwezi kuufungua ukurasa wa mipangilio ya ruta kwenye kivinjari. Ukurasa huo hauko mtandaoni. Uko ndani ya boksi lililo hapo sebuleni, na utafunguka hata waya wa faiba ukiwa umekatwa na mchimba mtaro. Anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani, kwa waraka wa kanuni za intaneti uitwao RFC 1918 wa mwaka 1996, ndiyo maana ruta yako na ya jirani zinaweza kutumia anwani moja bila kugongana.

Kinachowazuia wengi ni simu yenyewe. Simu za siku hizi zikiona Wi-Fi haina intaneti huhamia data kimyakimya, na data ya simu haina njia ya kufika kwenye boksi lako. Mtu anaandika anwani sahihi kabisa, ukurasa unakataa, anahitimisha kwamba ruta imekufa, anatafuta pini. Zima data. Zima VPN kama unayo. Andika anwani kule juu kabisa kwenye kivinjari, uanze na http://, maana vivinjari hupenda kujiongezea ile s ya https na ruta nyingi za zamani haziielewi. Kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa si salama, endelea, mradi una hakika uko kwenye Wi-Fi yako.

Wala anwani si 192.168.1.1 kwa kila mtu. Ruta nyingi hutumia 192.168.0.1. Modemu nyingi za faiba za Huawei hutumia 192.168.100.1, na ruta zao za laini ya simu 192.168.8.1. Usikisie. Fungua maelezo ya Wi-Fi uliyounganishwa nayo kwenye simu usome anwani ya lango. Kwenye iPhone imeandikwa kando ya neno Router. Kwenye Windows, amri ya ipconfig itakupa. Ukikuta kompyuta yako ina anwani inayoanza na 169.254, ujue hakuna aliyeipa anwani, imejipa yenyewe baada ya kuomba na kukosa, na tatizo liko kati yako na ruta, si kwa kampuni.

Nenosiri la kuingilia kwenye ukurasa wa ruta si nenosiri la Wi-Fi. Narudia kwa sababu nalazimika kurudia kila siku. La Wi-Fi unawapa wageni. La kuingilia liko kwenye kibandiko cha chini ya ruta, isipokuwa lilibadilishwa. Ruta mpya kiasi hudai ulitunge mwenyewe mara ya kwanza. Na ukiingia ukakuta menyu chache tu, bila sehemu ya WAN, ruta si mbovu. Kampuni imekupa akaunti ndogo na kujiwekea kubwa. Wengine huwaka kwa hasira hapo. Mimi nina mawazo mawili: ni ruta iliyo nyumbani kwako na una haki ya kuijua, lakini nimeona pia watu wanafanya nini wakipewa akaunti kubwa.

Ukishaingia, soma hali ya WAN. Kuna anwani, au kuna 0.0.0.0? Kama ni 0.0.0.0, ruta haijakubaliwa na kampuni, na kabla ya kunipigia simu jiulize kama kifurushi kimelipiwa. Sicheki. Watu wamenilipa nauli niwaonyeshe ujumbe wa M-Pesa ambao hawakuutuma. Kama kuna anwani na bado hakuna kinachofunguka, huenda ni DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, jaribu kuweka ya umma, 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Kama anwani iko kati ya 100.64 na 100.127, ni sawa kabisa, unashiriki anwani ya nje na wateja wengine. Ila kamera zako za CCTV hutaziona ukiwa Nakuru kwa kufungua milango ya ruta, hata uifungue yote.

Kwa wenye faiba, taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa. Hakuna menyu wala pini itakayouleta. Piga simu, nenda zako. Kama LOS imezima lakini mtandao unakwenda na kurudi, tafuta ukurasa unaoonyesha nguvu ya mwanga unaopokelewa. Kifaa cha kawaida cha GPON, aina ya faiba inayotumika majumbani, kinasikia kati ya takriban -8 na -27 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga). Ukiona -27 au chini zaidi ya hapo, huenda waya umekunjwa mahali, au kichwa chake ni kichafu, na sasa una namba ya kumsomea mhudumu wa simu badala ya kumwambia "Wi-Fi inasumbua". Namba hiyo hupandisha ombi lako haraka kuliko kelele.

Na kama kila kitu ndani ya ruta ni kizima, tatizo linaweza kuwa mbali kuliko unavyofikiri. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom ziliharibika upande wa kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua. Siku zile kuna watu Buruburu waliochokoa ruta zao kwa sababu ya waya ulio kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Kuzima na kuwasha, hilo fanyeni, lakini fanyeni vizuri. Ukichomoa ruta ghafla, haiagi. Seva ya kampuni inaweza kuendelea kuamini kwamba bado umo ndani. Kama akaunti yako inaruhusu mtu mmoja kwa wakati, ukichomeka mara moja utakataliwa kwa sababu wewe wa zamani hujatoka. Subiri dakika tano. Anayezima na kuwasha mfululizo anaongeza foleni yake mwenyewe. Kwa nini kuzima husaidia? Vitabu vina jibu moja safi. Sisi tulio barabarani tuna majibu kadhaa: kumbukumbu imejaa, jedwali la NAT (orodha ya mawasiliano ya vifaa vyako) limefurika, chipu imepata joto juu ya friji, kipindi cha PPPoE kimeoza. Mara nyingi hatujui ni lipi, tunafurahi tu taa ikiwa kijani. Hata riseti yenyewe siwezi kuapa kwamba haijawahi kutibu kitu. Zipo ruta ambazo mipangilio yake iliharibika baada ya stima kupotea katikati ya kusasisha, na hapo kufuta ndiyo dawa. Zikijizima zenyewe ovyo, shuku kwanza adapta. Adapta ya volti 12 iliyochoka huwasha taa zote na bado ruta ikaanguka kila watu wanapoanza kuitumia kwa wingi.

Kuhusu kasi nitasema kwa kifupi: hakuna menyu inayoongeza Mbps (megabiti kwa sekunde) ulizonunua. Kifurushi cha Mbps 10 ni kama megabaiti 1.25 kwa sekunde, na hapo ndipo mwisho. Unachoweza kuokoa ni zile zinazopotea hewani. Kwenye ghorofa zilizosongamana, mawimbi ya Wi-Fi ya 2.4 GHz ni soko: chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, na upana wa chaneli wa 40 MHz huko ni kujitakia ugomvi na majirani. Weka 20. Vifaa vilivyo chumba kimoja na ruta vihamishie 5 GHz; usitarajie ivuke kuta mbili za mawe.

Riseti ina mahali pake. Umenunua ruta iliyotumika Luthuli Avenue na mwenyewe wa kwanza hajulikani: futa. Umesahau nenosiri la kuingilia na lile la kibandiko halikubali: futa, lakini baada ya kuipigia kampuni na kuandika vitu vya PPPoE kwenye karatasi. Ukiwa bado unaweza kuingia, pakua nakala ya mipangilio, ruta nyingi zina kitufe hicho, au piga picha ukurasa wa WAN.

Na kwa wewe ambaye umeshachokoa: chomoa kwanza waya unaotoka kwenye swichi ya ploti, ili usiwaangushe wengine. Unganisha simu au laputopu kwa jina la Wi-Fi lililo kwenye kibandiko, ingia, itake kampuni ikupe jina na nenosiri la PPPoE, na uulize kama kuna namba ya VLAN (alama inayotenganisha mitandao kwenye waya mmoja), maana wahudumu husahau kuitaja na bila hiyo mengine yote hayana kazi. Waya urudi kwenye tundu la WAN. Kama ruta yako ilikuwa inasambaza Wi-Fi tu, zima DHCP kwanza ndipo uurudishe LAN. Mwisho weka jina la Wi-Fi lilelile la zamani na nenosiri lilelile, herufi kubwa na ndogo kama zilivyokuwa, na televisheni, printa na simu za watoto zitarudi zenyewe bila kumsumbua mtu.