Programu kwenye mikrokontrola ya MHz 16 haitoi mawimbi ya MHz 16 kwenye pini

Wengi wanaoanza kutumia mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, huamini kwamba ikiwa chipu inaendeshwa kwa MHz 16, basi programu inaweza kuwasha na kuzima pini (mguu wa chipu) mara milioni 16 kwa sekunde. Ni dhana inayoeleweka, maana namba hiyo ndiyo inayotangulia kwenye maelezo ya chipu.

Ila MHz 16 ni kasi ya mapigo ya saa ya ndani, na kila amri hula mapigo yake. Chukua ATmega328P, ile chipu ya bodi ya Arduino Uno. Amri ya kuwasha pini hula mapigo 2, ya kuzima 2, na ya kurudi mwanzo wa kitanzi 2 tena. Jumla 6, yaani takriban MHz 2.67 tu, tena pini hukaa chini muda mara mbili ya inaokaa juu. Ukitumia digitalWrite, amri rahisi ya Arduino ya kuwasha au kuzima pini, kasi hushuka zaidi sana, kwa sababu kila mwito hutafuta kwanza pini iko kwenye rejista (sehemu ndogo ya kumbukumbu inayodhibiti pini) ipi. Hata taima ya ndani, sakiti inayobadilisha pini yenyewe bila kusubiri amri za programu, hufika MHz 8 tu, nusu ya kasi ya saa.

Huna osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme? Andika kitanzi kinachobadilisha pini mara milioni 16 kwa digitalWrite, na kikimaliza, programu iwashe taa iliyo kwenye pini nyingine. Anza kuhesabu kwa simu. Kama dhana ingekuwa sahihi, taa ingewaka ndani ya sekunde moja. Utasubiri makumi ya sekunde. Mapigo ya kila amri yameorodheshwa kwenye mwongozo wa chipu, na napendekeza usome jedwali hilo kabla ya kununua chipu ya kasi zaidi.