Picha ikiharibika kwa Flight Simulator X, usikimbilie kununua kadi mpya

Mimi hushughulika na kompyuta kwa chuo kimoja hapa Kisumu, na vijana wanaotuletea hii shida ni wengi. Flight Simulator X, ule mchezo wa Microsoft wa kurusha ndege kwa kompyuta, ilitoka 2006 lakini wanaoota urubani bado wanaipenda juu inakubali mashine kuukuu, unapaa hapa Kisumu unaenda kutua Eldoret na hujanunua mafuta. Alafu siku moja skrini inakuwa nyeusi, ama majengo yanakosa rangi.

Kijana mmoja wa Kondele alikuja na kadi ya grafiki, kile kifaa cha kutoa picha kwa skrini, ameifunga kwa gazeti, fundi fulani amemwambia imekufa, na ameshaanza kuchanga pesa ya ingine. Tukaichomeka kwa mashine yetu, ikawaka vizuri kabisa. Iliniuma, kwa hivyo naandika.

Anza hivi: zima kompyuta, washa, tazama picha ya kwanza kabla Windows haijaingia. Ukiona mistari ya rangi ama vidotidoti hapo, simuleta haina makosa, shida iko kwa vyuma. Pangusa vumbi kwa feni (wa Nakuru mnajua vumbi lenu), hakikisha kebo ya skrini imechomekwa kwa kadi yenyewe. Na zile kompyuta ndogo za ofisi za mtumba, powa saplai yake ni dhaifu, sloti ya kadi inatoa wati 75 mwisho, kadi inayotaka zaidi lazima ipate waya wake.

Lakini kama picha ni safi kila mahali isipokuwa ndani ya simuleta, weka bisibisi chini. Hii programu ni ya biti 32, hata uwe na memori ya GB 16 yenyewe haiwezi kutumia kupita GB 4, na ukiipakia ndege na mandhari nzito za kudownload inaanza kupoteza vitu: menyu zinatoweka, vipande vya ndege vinakuwa vyeusi. Watu wengi wanadhani hapo kadi inakufa, na sivyo. Fungua fsx.cfg, faili ya mipangilio ya simuleta, kwa Notepad, iko ndani ya folda ya %APPDATA%\Microsoft\FSX, tafuta palipoandikwa [GRAPHICS], ongeza chini yake HIGHMEMFIX=1, sevu. Mara nyingi inatosha.

Isiposaidia, badilisha jina la hiyo faili, iite fsx.old, uwashe simuleta, itajitengenezea ingine safi. Mipangilio yako itarudi mwanzo lakini ile ya zamani bado unayo. Kama shida ilianza baada ya kuapdeti draiva (programu inayoendesha kadi), rudisha draiva ya awali. Skrini nzima ikiwa nyeusi na sauti ya injini unaisikia, bonyeza Alt na Enter iingie kwa dirisha. Na wenye laptopu ya kadi mbili, ingia mipangilio ya grafiki ya Windows uchague fsx.exe itumie ile yenye nguvu.

Ikiwa picha ni nzuri ila inakwamakwama, hapo ni prosesa inalemewa, kadi ya bei haitabadilisha sana, punguza magari ya barabarani na miti kwanza.

Yule wa Kondele ilikuwa fsx.cfg. Kwa hivyo ukija lab yetu, beba mashine nzima, usibebe kadi peke yake.