Bakteria kwenye zege: watu wanavyodhani na ukweli ulivyo

Ukitaja zege lenye bakteria, yaani lile linalochanganywa na vijidudu ili lizibe nyufa zake lenyewe, swali la kwanza huwa lile lile, sasa si ukuta utaoza, watu wataugua humo ndani? Hapana bwana. Hawa wengi ni jamii ya Bacillus, wanaishi zao kwenye udongo na maziwa ya magadi, hawana ugomvi na binadamu na wala hawali saruji. Wanakula chakula wanachowekewa, mara nyingi kalsiamu lakteti (aina ya chumvi yenye kalsiamu), na kinachobaki ni chokaa ngumu. Umeshaona ule ukoko mweupe unaoganda chini ya birika? Ndo huo huo, ila huu unagandia ndani ya ufa.

Wengine wanadhani bakteria wanapiga kazi toka siku zege linamwagwa. Thubutu! Zege bichi lina pH (kipimo cha asidi na magadi) ya 12 hadi 13, yaani ni kali kwa magadi, bakteria wa kawaida hatoboi. Wanaowekwa wanakuwa wamelala, wamejifungia kwenye ganda kama mbegu, wanaitwa spora, na wanakaa hivyo miaka na miaka mpaka siku zege lipasuke maji na hewa viingie, hapo ndo wanaamka, wanakula, wanaziba, maji yakikatika wanalala tena. Henk Jonkers wa chuo kikuu cha Delft, Uholanzi, ambaye ni mtu wa vijidudu na sio fundi ujenzi, aligundua kwamba ukizimwaga spora hivi hivi kwenye mchanganyiko zinabanwa zinakufa saruji ikishika, ikabidi azifiche kwenye vipunje vya udongo wa kuchoma. Na vipunje hivyo ni vyepesi, ukizidisha zege linakosa nguvu.

Sasa inayoniudhi mimi ni hii ya "nyumba inayojitengeneza yenyewe". Ufa unaozibika ni wa kama milimita 0.8, basi, tena unachukua wiki kadhaa. Msingi ukititia au nguzo ikipinda bakteria hana la kufanya. Kazi yake ni kuzuia maji yasifike kwenye nondo zikaota kutu, na hiyo sio kazi ndogo, kutu ikivimba ndo inabandua zege vipande vipande.

Eti pia zege hili halichafui chochote. Inategemea, kuna bakteria wanaotumia urea na hao wanatoa amonia, harufu yake unaijua, kwa hiyo anayekuuzia muulize kwanza ameweka wa aina gani.