Baridi yabisi: kukaa tu ndiko kunakokuumiza

Kila Juni, mawingu yakiufunika mlima, benchi letu la mazoezi ya viungo hapa Moshi hujaa kina mama waliojitanda vitenge viwili viwili. Wengi wana neno moja: "Nimetulia nyumbani, nisije nikaviharibu viungo."

Baridi yabisi ni nini?

Kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia utando laini wa ndani ya viungo. Vinavimba, vinauma, na asubuhi vinakakamaa hata saa nzima, mara nyingi mikono yote miwili. Ugonjwa huu hauletwi na baridi ya Kibosho kule mlimani wala maji ya mfereji, jina lisikudanganye.

Naumwa vidole. Mishipa ya damu inaingiaje hapa?

Kemikali zinazovimbisha vidole zinazunguka na damu mwili mzima, zinaharibu na utando wa ndani wa mishipa. Utando huo ndio unaoufanya mshipa utanuke damu inapohitajika kwa wingi. Ukiharibika, mshipa unakakamaa na mafuta yanajishikiza ukutani. Ndiyo maana hatari ya ugonjwa wa moyo kwa mwenye baridi yabisi ni takribani mara 1.5 ya mtu asiye nayo.

Basi si nipumzike?

Hapana. Ukitembea, damu inakwenda kasi, inausugua ukuta wa mshipa, na utando unatoa gesi ya nitriki oksaidi inayoulegeza. Ukikaa, hilo halifanyiki. Miezi mitatu kitini, misuli ya paja inasinyaa na goti linakosa wa kulishikilia.

Lakini nikitembea nasikia maumivu!

Bado ni hapana, usikae tu. Maumivu yakipoa ndani ya saa 2, endelea. Yakizidi hapo, kesho punguza, sijasema uache. Kiungo kilichovimba na kupata moto usikibebeshe ndoo wala mkungu wa ndizi, kikunje na kukinyoosha taratibu. Mwili uliobaki haujavimba, utembee.

Nianzeje?

Dakika 10 kwenye njia tambarare. Wenzangu wa vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya mlimani, msianze na mteremko. Ongeza polepole hadi dakika 30, siku 5 kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Nyumbani, inuka kitini mara 10 bila kujishika. Na kukaa kutwa nyuma ya meza ya nyanya pale sokoni Mbuyuni si mazoezi, hata kama umechoka. Mwenye kifua kinachobana akitembea aonwe na daktari kwanza.

Dawa za dukani zinanituliza, kuna ubaya?

Mama mmoja alifungua pindo la khanga mbele yangu: vipande vya diklofenaki (dawa ya maumivu) na prednisoloni (dawa ya kushusha uvimbe), vya kununua nusu nusu, miaka mitatu. Vidole vyake vilikuwa vimeshapinda, havifungi kifungo. Presha hajawahi kupima.

Diklofenaki inatuliza maumivu, haizuii ugonjwa kula kiungo. Ukiimeza muda mrefu inapandisha presha, inachoma tumbo, inaumiza figo na kuongeza hatari ya moyo. Prednisoloni uliyoizoea usiikate ghafla, mwone daktari. Ukiandikiwa methotreksati, dawa ya kuzuia ugonjwa wenyewe, ni mara moja kwa WIKI. Kuimeza kila siku kunaweza kuua.

Niende hospitali lini?

Viungo vikivimba, nenda. Usingoje wiki 6 zipite, maana dawa za kuzuia ugonjwa zinafaa zaidi zikianza mapema. Usipitie kwanza kwa mchuaji, wala usisubiri Juni iishe. Kifua kikibana huku jasho la baridi linakutoka, au mdomo ukipinda, ni saa hiyohiyo, hata usiku.

Na ukishamwonyesha daktari vidole, kunja mkono wa nguo akupime presha.